Nani Amfundishe Nani?



Sura ya tisa ya Injili ya Yohane huwa tunaisoma kama habari ya muujiza: kipofu wa kuzaliwa aliyepakwa tope machoni, akanawa katika birika la Siloamu, akarudi anaona. Lakini muujiza wenyewe unakwisha katika mstari wa saba. Mistari 34 inayobaki inahusu ugomvi mwingine, yaani nani ana haki ya kueleza yaliyompata mtu yule. Wanafunzi wanauliza mbele yake ni nani aliyetenda dhambi, kana kwamba hayupo. Majirani wanabishana kama ni yeye au ni mtu anayefanana naye, ilhali amesimama palepale na anasema kwamba ni yeye. Mafarisayo wanamhoji, hawaridhiki, wanawaita wazazi wake. Wazazi kwa hofu wanajibu kwamba mwana wao amekwisha kuwa mtu mzima, basi aulizwe mwenyewe.

Akaulizwa mara ya pili. Safari hiyo hakusimulia tu; alithubutu kuwaeleza wataalamu wa Sheria maana ya mambo yaliyompata. Hapo ndipo hasira ilipowaka. Itakuwaje mtu kama yeye, aliyezaliwa katika dhambi, awafundishe wao? Wakamfukuza. Walikuwa tayari kumsikiliza kama shahidi, kwa kuwa shahidi hujibu anachoulizwa kisha huondoka. Hawakuvumilia awe mwalimu.

Ugomvi huo haujaisha. Unaendelea katika mji wetu wa Goma na katika mtaa wetu wa Keshero, kila mara watu wenye ulemavu wa akili wanapochunguzwa, wanapohesabiwa na wanapoandikiwa ripoti. Msimamo wetu tunausema wazi tangu mwanzo: utafiti unaohusu maisha ya watu hao, ukifanywa pasipo wao kuwa miongoni mwa watafiti, una kasoro ya ukweli na kasoro ya haki. Una kasoro ya ukweli kwa sababu anayeishi jambo anajua pembe ambazo mgeni hazioni. Una kasoro ya haki kwa sababu mtu anafanywa kuwa kitu cha kutazamwa, ilhali Muumba alimpa macho ya kutazama.

Tunaowasema ni nani

Ulemavu wa akili si wazimu, si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni hali inayoanza kabla ya utu uzima, ambamo mtu hujifunza polepole na hupata shida ya kusoma, kuhesabu, kushika maelezo marefu au kupanga mambo ya mbele. Wengine wamezaliwa nayo, kama wale wenye hali ya Down. Wengine waliipata kwa sababu ya uzazi mgumu, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au utapiamlo wa utotoni. Viwango navyo hutofautiana. Yupo anayehitaji msaada kidogo tu ili afanye kazi na kujitegemea, na yupo anayehitaji kulishwa na kuvikwa siku zote.

Mitaani hawaitwi kwa jina hilo. Huitwa wajinga, mazezeta, vichaa, na pengine walozi. Kanisani hupewa jina la upole zaidi, malaika. Jina hilo la upole nalo lina hila yake. Malaika hana njaa, hana hasira, hachagui mchumba, hadai mshahara wala haki. Anayeitwa malaika haulizwi maoni yake juu ya kitu chochote.

Hata hivyo, kila mmoja wetu anamfahamu kijana wa namna hiyo. Ni yule anayeteremka ziwani na vidumu vya maji alfajiri na mchana, siku zote za mwaka. Anajua saa ambayo foleni ni fupi. Anajua muuzaji gani humpunjia chenji na yupi humrudishia sawasawa. Anajua nyumba ambamo hupigwa mawe na nyumba ambamo hupewa uji. Anajua mwanamume gani hapaswi kupita naye njia moja jioni. Hakuna chuo kikuu kilichowahi kukusanya ujuzi huo, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba ni ujuzi.

Maswali yanayompita mwenyewe

Goma ni mji uliozoea kuulizwa maswali. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, wenye karatasi na vishikwambi walikuja kuhesabu nyumba zilizofunikwa na watu waliobaki bila makao. Vita vilipowasukuma watu hadi Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya, kila hema liliandikwa. Kambi zilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, maswali yaliwafuata wakimbizi katika vijiji walivyorudi na katika familia zilizowapokea.

Hesabu hizo si anasa. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanywa mwaka 1984, kabla hamjazaliwa, na wazazi wa wengi wenu walikuwa watoto bado. Kwa sababu hiyo orodha ya ONG mara nyingi ndiyo sensa pekee ambayo familia maskini imewahi kuiona. Aliye katika orodha hupata unga na turubai, asiyeandikwa hupitwa. Basi swali la nani anauliza na nani anajibu ni swali la chakula.

Sasa tazameni utaratibu wake. Mgeni anabisha hodi, anamtafuta baba au mama wa nyumba, anafungua maswali yake. Kati ya maswali yanayotumika duniani kote kuhusu ulemavu yapo yale sita ya Kundi la Washington: kama mtu ana shida ya kuona, ya kusikia, ya kutembea, ya kukumbuka au kukaza fikira, ya kujihudumia mwenyewe, na ya kuelewana na wengine. Ni maswali mazuri kwa kuhesabia. Lakini katika nyumba nyingi yanajibiwa na mkuu wa familia kwa niaba ya wote, huku mhusika ameketi kwenye jiwe mlangoni, akisikia anavyoelezwa. Mgeni anamshukuru mama, anamgusa kijana kichwani, anakwenda.

Katika utaratibu huo kuna hatari ambayo wengi huinyamazia. Msichana mwenye ulemavu wa akili ni rahisi kuonewa, kwa kuwa mwovu huamini kwamba hatasema, na kwamba akisema hatasadikiwa. Mara nyingi mwovu huyo si mgeni. Ni mtu wa nyumbani au jirani anayeheshimiwa. Ikiwa anayejibu maswali kwa niaba ya msichana ni yule yule anayemdhuru, ripoti itaandika nini? Itaandika kwamba hakuna tatizo. Karatasi itakuwa safi, na msichana atabaki katika giza lake. Tunataka wote wanaotetea desturi ya kuuliza jamaa peke yao watujibu jambo hilo kabla ya jingine lolote.

Historia ya sayansi bila wao

Watu wengine husema kwamba wataalamu wana maadili yao na kwamba inatosha kuwaamini. Historia inajibu.

Nchini Sweden, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, kati ya mwaka 1945 na 1955, watafiti walitaka kujua chanzo cha meno kuoza. Waliwachukua wagonjwa wenye ulemavu mkubwa wa akili waliokuwa wakitunzwa humo, na baadhi yao wakalishwa peremende ngumu zinazonata, zilizotengenezwa makusudi zikae menoni. Meno yao yakaharibika. Dunia ikajifunza kwamba sukari inayonata huozesha meno, na hata leo watoto wetu shuleni wanafundishwa hivyo. Wachache wanajua somo hilo lililipwa kwa meno ya nani.

Nchini Marekani, katika shule ya Fernald huko Massachusetts, kati ya mwaka 1946 na 1953, wavulana waliohifadhiwa humo kwa madai ya kuwa na akili pungufu walilishwa uji wenye chembe za mnururisho, ili watafiti wa chuo cha MIT, wakisaidiwa na kampuni ya Quaker Oats, waone jinsi mwili unavyopokea madini. Wazazi hawakuambiwa ukweli wote. Na wavulana hao walipewa jina gani? Waliitwa wanachama wa Klabu ya Sayansi. Walipata maziwa ya ziada na safari za kutazama michezo, wakafurahi kuwa wamechaguliwa. Klabu ilikuwa na jina la watafiti, na wanachama wake walikuwa vifaa vya utafiti.

Tumeyaleta hayo ili lionekane jambo moja. Katika Vipeholm na katika Fernald hapakukosekana elimu, wala vyeti, wala nia iliyodaiwa kuwa njema. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye ulemavu wa akili, au rafiki yake wa kweli, katika chumba ambamo uamuzi ulifanywa. Anayesema leo kwamba watu hao wasiingie katika utafiti ili wasije wakadhuriwa, amegeuza historia. Walidhuriwa walipokuwa nje ya mlango wa maamuzi.

Njia nyingine imekwisha kufunguliwa

Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, watu wenye ulemavu wa akili waliotoka katika taasisi za kufungiwa walianzisha chama chao. Mmoja wao alikuwa amechoka kuitwa kwa jina la upungufu wake, akataka kujulikana kwanza kama mtu. Chama kikachukua jina la People First, yaani watu kwanza. Kutoka katika vyama kama hivyo lilizaliwa dai jipya: ikiwa tunaweza kujisemea, kwa nini tusijichunguze?

Wasomi kadhaa walilipokea dai hilo. Jan Walmsley wa Uingereza alilipa jina mwaka 2001, utafiti jumuishi, na mwaka 2003 yeye na Kelley Johnson wakatoa kitabu kizima juu yake. Masharti waliyoweka yanaeleweka hata na mtoto wa katekisimu. Swali la utafiti liwe la watu wenye ulemavu wenyewe, hata kama aliyelianzisha ni mwingine. Utafiti uwaletee faida wao. Washiriki katika kazi yenyewe. Wawe na usemi juu ya mwendo wake na juu ya matokeo. Na mwisho, matokeo yaandikwe kwa namna wanayoweza kuielewa.

Katika ukanda wetu msingi upo. Nchini Kenya wazazi waliunda mwaka 1996 chama kiitwacho KAIH kwa ajili ya watoto wao wenye ulemavu wa akili, na ndani yake wenye ulemavu wenyewe wakaanza kujifunza kujisemea mbele ya watu. Zanzibar ipo jumuiya ya ZAPDD. Mwaka 2022 mashirika ya Inclusion International na Down Syndrome International yalitoa mwongozo wa kimataifa unaoeleza jinsi ya kuwashirikisha watu hao katika kazi, na wao wenyewe walishiriki kuutunga.

Sheria nayo iko upande wetu. Nchi yetu ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 4 ya mkataba huo inazitaka serikali zishauriane na watu wenye ulemavu na kuwashirikisha kwa bidii katika maamuzi yanayowahusu. Ibara ya 31 inazitaka zikusanye takwimu kwa kuheshimu utu wao. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 49, inatambua haki yao ya kulindwa kwa namna ya pekee, na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria ya kulinda na kuendeleza haki zao. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kuzishusha hadi kwenye njia zetu za mawe meusi.

Hoja zinazoletwa dhidi yetu

Hoja ya kwanza: hawawezi kufikiri kisayansi. Tunajibu kwamba utafiti ni kazi nyingi, na hakuna profesa azifanyaye zote. Kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma kina mwenye kupanda mlima, mwenye kupima gesi, mwenye kusoma mitetemo na mwenye kuandika. Hakuna anayesema kwamba aliyepanda mlima si mtafiti kwa kuwa hakupiga hesabu za mwisho. Zaidi ya hayo, neno mazuku limetoka wapi? Hewa ile mzito inayojificha mabondeni karibu na ziwa, upande wetu wa magharibi ya mji, na kuua mbuzi na watoto wakati wa alfajiri, ilijulikana na kupewa jina na wenyeji ambao hawakuwa na shahada. Wanasayansi walikuja baadaye, wakapima, wakakuta ni gesi ya kaboni, na neno letu wakalichukua kama lilivyo hadi katika majarida yao. Sayansi ilikubali kufundishwa na wachungaji wa mbuzi. Haitapungukiwa heshima ikifundishwa na mchota maji.

Hoja ya pili: watakubali kila kitu watakachoambiwa. Hatari hiyo ni ya kweli. Mtu aliyezoea kufokewa hujifunza kusema ndiyo ili aachwe kwa amani. Dawa yake ni kumfundisha kusema hapana na kuiheshimu hapana yake. Swali liulizwe kwa maneno mafupi na kwa picha. Liulizwe leo na liulizwe tena kesho. Msindikizaji asijibu kwa niaba yake. Na kazi ikome mara anapochoka au anapokataa. Mtu anayeweza kukataa ndiye peke yake ambaye kukubali kwake kuna maana.

Hoja ya tatu: huu ni wakati wa vita na njaa, mambo haya yangoje amani. Wanaosema hivyo wajiulize ni nani aliyeachwa nyuma watu walipokimbia lava usiku ule wa Mei 2021, na ni nani aliyepotea barabarani wakati wa milio ya risasi. Mtu asiyeelewa tangazo la kuhama, asiyeweza kutaja avenyu yake wala jina kamili la baba yake, ndiye wa kwanza kupotea. Nani atakayejua jinsi tangazo linavyopaswa kusemwa ili alielewe, kama si yeye mwenyewe na wenzake? Kungoja amani ndipo tuwaulize ni kuamua kwamba wakati wa hatari wao si wa kuokolewa.

Hoja ya nne ni nzito zaidi: wapo wasiosema kabisa, wasioweza kushika kalamu wala kuchagua picha. Hatutaki kudanganya mtu. Si kila mtu atakuwa mtafiti, na kwa walio na ulemavu mkubwa sana itatubidi tuwasikilize wanaoishi nao kwa upendo, na kusoma macho yao, kilio chao na utulivu wao. Lakini tangu lini kutoweza kwa mmoja kumekuwa sababu ya kuwafungia mlango wote? Si kila Mkristu anaweza kuimba, na kwaya zetu hatujazifunga.

Kanisa lilikwisha kukutana na swali hili

Kabla ya mwaka 1925, wengi katika Kanisa la Ulaya waliamini kwamba kijana wa kiwandani hana uwezo wa kuchunguza mambo. Mambo yake yalichunguzwa na mapadri, waalimu na matajiri wenye huruma. Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyezaliwa katika familia ya wafanyakazi, alikataa. Aliwafundisha vijana hao wafanye uchunguzi wao wenyewe juu ya mshahara, saa za kazi, makao na unyanyasaji. Waone, waamue, kisha watende. Hivyo ikazaliwa JOC, iliyofika baadaye hadi Kongo. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliipendekeza njia hiyo kwa Kanisa zima katika barua yake juu ya mambo ya jamii. Nanyi, muwe wa Kiro, Xaveri, Skauti au wanakwaya, mnaitumia kila mnapotafakari kwa hatua hizo tatu.

Basi tunauliza: yaliyokuwa kweli kwa kijana wa kiwandani yanakuwaje uongo kwa kijana mwenye ulemavu wa akili? Waliomdharau yule walitumia maneno haya haya: hajasoma, hajui kupanga fikira, atadanganywa.

Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2020 juu ya udugu, aliwataja watu wenye ulemavu kuwa wakimbizi waliofichika, waliopo katika jamii bila kuhesabiwa kuwa sehemu yake. Sisi wa Goma, tunaojua ukimbizi ni nini, hatuna haja ya kufasiriwa neno hilo. Na Sinodi ya Maaskofu, katika hati yake ya mwisho ya Oktoba 2024, ilipendekeza Kanisa lifikirie kuwa na kituo chake cha kuchunguza mambo ya ulemavu. Tunalipokea pendekezo hilo kwa furaha, na tunaongeza sharti moja: kituo hicho kikijaa wataalamu wasio na ulemavu peke yao, tutakuwa tumejenga baraza jingine la Mafarisayo, lenye kompyuta.

Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorinto juu ya mwili na viungo, hakusema kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu vinastahili kuhurumiwa. Alisema kwamba ni vya lazima. Kiungo cha lazima ni kile ambacho kikikosekana mwili hauwezi kufanya kazi yake. Mwili usiojua maumivu ya mguu wake utakanyaga moto.

Kazi tunayowaomba

Hatuwaombi fedha wala semina. Tunawaomba uchunguzi mmoja mdogo katika kila shirika la Keshero, na swali lake litoke kwa wenye ulemavu wa akili wenyewe. Huenda watachagua njia ya kwenda Misa, au kisima, au katekisimu, au soko, au usalama wa jioni. Msiwachagulie.

Muende wawili wawili, mmoja mwenye ulemavu na mmoja asiye nao, nao wote wawili waitwe watafiti. Mtumie picha, mchanga, mawe na kutembea njiani badala ya karatasi ndefu. Asiyesoma anaweza kuweka jiwe jeupe mahali anapojisikia salama na jiwe jeusi mahali anapoogopa. Mkimaliza mtakuwa na ramani ambayo hakuna ofisi ya mji iliyo nayo. Kama asiye na ulemavu analipwa nauli, na mwenzake alipwe. Kama anapewa soda, wote wapewe. Picha za nyuso zao zisitumwe katika simu za watu kwa kuombea misaada. Akisimulia jambo la kudhulumiwa, msilitangaze wala msilifiche. Lifikisheni kwa mtu mzima mwaminifu, asiyehusika na dhuluma hiyo, anayeweza kumlinda.

Mwishoni matokeo yasomwe katika shirika, na asome au asimulie yeye, hata kama atachukua saa nzima na kukwama mara kumi. Mtaona wengine wakitazama saa, na wengine wakinong'ona kwamba huyu naye anatufundisha nini. Mkisikia mnong'ono huo, mjue mmeusikia kwanza katika Injili ya Yohane. Na mkumbuke kilichofuata humo: mtu yule alipofukuzwa, Yezu alisikia habari zake, akamtafuta hadi akampata.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika shirika letu ni nani mwenye ulemavu wa akili? Tunalijua jina lake la ubatizo, au tunajua jina la utani tu?

2. Mara ya mwisho habari zake zilipoulizwa, ni nani aliyejibu? Yeye alikuwa wapi?

3. Ni jambo gani katika mtaa wetu analolijua kuliko sisi?

4. Tukimkaribisha achunguze pamoja nasi, ni desturi gani ya kikundi chetu itabidi ibadilike kwanza?

Sala

Ee Bwana Yezu, ulimuuliza kipofu wa Yeriko anachotaka, ingawa kila mtu alidhani anakijua. Utupe subira ya kuuliza na kungoja jibu. Uwalinde ndugu zetu wenye ulemavu wa akili na mikono ya wanaowadhulumu, na midomo ya wanaowasemea bila kuwasikia. Uwafungulie mlango wa baraza zetu, waketi, waulize, wachunguze na watufundishe. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.